Pampu ya Moyo na Askari wa Zamu

Katika somo la huduma ya kwanza, askari hufundishwa kwamba majeruhi ambaye mshipa wa mkono wake haupigi amekwisha kufa au yu karibu kufa. Fundisho hilo ni sahihi. Hata hivyo, wako watu duniani leo wanaotembea na kufanya kazi zao ilhali mapigo hayo hayaonekani kabisa. Hao ni wagonjwa waliotiwa pampu ya moyo.

Chumba cha chini cha moyo, upande wa kushoto, ndicho kinachosukuma damu mwilini mote. Kinapodhoofika hata dawa zikashindwa, tiba kubwa iliyobaki ni kupandikizwa moyo wa marehemu, upasuaji uliofanywa mara ya kwanza mjini Cape Town tarehe 3 Desemba, 1967. Lakini moyo hauagizwi kama kipuri cha gari. Sharti mtu afariki, jamaa zake waridhie, na damu na umbo lake vilingane na vya mgonjwa. Wengi hufa wakingoja.

Pampu ilibuniwa kwa ajili ya kungoja huko. Mwaka 1969, mjini Houston, Marekani, Daktari Denton Cooley alimhifadhi mgonjwa kwa moyo wa bandia kwa saa zipatazo 64 mpaka moyo wa mtu ukapatikana, ingawa mgonjwa alifariki muda mfupi baadaye. Pampu za siku hizi hazichukui nafasi ya moyo, bali huusaidia. Hufungwa kwenye ncha yake, zikavuta damu na kuitia katika mshipa mkuu kwa kigurudumu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Damu hutiririka mfululizo kama maji ya bomba, na ndiyo sababu mshipa haupigi.

Nguvu ya pampu ni umeme. Waya hutoka tumboni kupitia ngozi, ukaungana na kidhibiti cha kiunoni na betri mbili zinazovaliwa chini ya koti. Hapo ndipo linapoingia suala la usalama. Kismayo hakuna hospitali inayopandikiza moyo, lakini Wabajuni waliotawanywa na vita vya 1991 wanaishi Kenya, Uingereza na kwingineko, na si ajabu mmoja wao akaja siku moja kuzuru jamaa zake Koyama au Chula. Katika mji ambao hoteli ya Asasey ilishambuliwa kwa bomu la kujitoa mhanga Julai 2019, mtu mwenye waya tumboni na betri kwapani hawezi kupita kizuizini bila kushukiwa. Askari ana haki ya kumsimamisha na kumhoji, na mgonjwa huwa na karatasi za hospitali. Ila waya usivutwe wala kukatwa, na betri zisichomolewe: moyo uliochoka huenda usimudu hata dakika chache peke yake.

Mgeni huyo hataweza kuogelea, seuze kupiga mbizi kutafuta kamba koche kama wenzake, kwa kuwa mashine haizamishwi majini. Atatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na kila usiku atahitaji umeme wa uhakika, jambo lililo gumu visiwani.

Akikutwa amezimia, asihesabiwe maiti kwa kushikwa mkono tu. Atazamwe kama anapumua, waya zikaguliwe kama zimeshika betri, na sikio litegwe kifuani. Pampu ikifanya kazi, mvumo wake husikika.