Weka chini kandambili, huyo ni kipepeo

Kuna jambo hunisumbua kuhusu sisi watu wa Malindi. Gede ni safari fupi tu ya matatu ukishika barabara ya Mombasa, na pale kuna mradi unaoitwa Kipepeo. Tangu 1993 mradi huo umekuwa ukinunua pupa kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuzisafirisha kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Huko zinawekwa kwenye nyumba za vioo zenye joto, na watoto wanaletwa kutazama kipepeo wa Kilifi akitoka kwenye ganda lake. Sasa mtoto wa Kisumu Ndogo je? Akiona kiwavi ukutani, anapiga nduru aje mtu mzima na kandambili.

Simlaumu. Kuna viwavi wenye manyoya wanaowasha mpaka ngozi inavimba, na hao wasiguswe. Lakini si wote wako hivyo.

Wakulima wenyewe wa kando ya msitu hawakuanza na mapenzi ya wadudu. Wengi waliuona msitu kama ardhi iliyokaa bure, tena yenye ndovu wanaokuja kumaliza mahindi. Hesabu ilibadilika pupa zilipoanza kuleta pesa ya karo. Kipepeo ana mmea wake maalum wa kutagia, na mengi ya mimea hiyo iko msituni. Ukikata msitu, umekata mshahara.

Hapa mtaani huhitaji msitu. Unahitaji mndimu. Wengi wetu tumeachiwa watoto wa dada zetu huku tukingoja kazi (mimi chuo niliacha, kwa hivyo mchana niko), na simu haiwezi kulea mtoto siku nzima, bando litaisha. Tafuta mwenye mndimu au mchungwa uani na umuombe ruhusa. Hatakataa, maana hao viwavi wanamlia majani machanga.

Angalia vizuri juu ya jani. Utaona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe. Hicho ndicho kiwavi akiwa mdogo. Amejigeuza uchafu ili ndege asimtamani. Akikua anabadilika kuwa kijani na kunenepa. Mguse kidogo kwa kijiti: kichwani zitachomoka pembe mbili laini zenye harufu kali. Wapwa zangu, mmoja miaka minne na mwingine sita, walikimbia hadi barabarani, halafu wakarudi kuomba afanye tena.

Mweke kwenye ndoo ya plastiki angavu, ufunike na kipande cha neti kuukuu ya mbu. Majani mapya kila siku, ya mti ule ule, maana sukumawiki hatakula hata afe njaa. Hakikisha majani hayajapuliziwa dawa. Kinyesi kitolewe kila asubuhi, na hiyo kazi mpe mtoto. Ndoo isikae juani. Weka pia vijiti vilivyosimama, kwa sababu siku moja ataacha kula, atapanda kijiti, ajifunge kwa uzi mwembamba kama fundi wa mnazi, avue ngozi awe pupa. Pupa inaweza kuwa ya kijani au ya hudhurungi, kufuatana na mahali ilipo.

Halafu kimya. Kama wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Mle ndani sehemu kubwa ya mwili wa zamani inavunjwavunjwa kama uji, na mabawa yanajengwa. Kwa mtoto wa miaka minne wiki mbili ni mwaka mzima. Huyo wa kwetu alikuwa akiisalimia pupa kila asubuhi kabla ya chai.

Sasa nikwambie kile ambacho vitabu vya watoto huruka. Si kila pupa hutoa kipepeo. Kuna nzi na nyigu wanaotaga kwa kiwavi angali mzima, na watoto wao wanamla kutoka ndani. Katika pupa zetu tatu, moja ilitoboka kitundu, na ndooni tukakuta nzi. Mkubwa akalia. Jirani alinishauri niwaambie kipepeo ameruka usiku. Nilikataa. Watoto wa mtaa huu wanaenda matangani, wanajua kufa ni nini. Kinachowachanganya ni sisi kuwadanganya. Nikawaambia nzi naye alikuwa mtoto wa mtu, akitafuta chakula. Mdogo akauliza kama mama yake nzi atakuja kumchukua. Hapo sikuwa na jibu, tukamfungulia neti.

Ya pili ilipasuka asubuhi mapema. Kipepeo alitoka na mabawa yaliyokunjamana kama leso iliyokamuliwa, akaning'inia kijitini, akaanza kuyajaza maji ya mwili wake. Usimsaidie wakati huo wala usimguse; bawa likikauka likiwa limejikunja, hataruka kamwe. Baada ya saa moja na zaidi alikuwa kamili, mweusi mwenye mabaka ya manjano. Wataalamu humwita *Papilio demodocus*. Alizunguka kamba ya nguo, akapita juu ya mabati, huyoo.

Ya tatu bado iko kijitini, na mkubwa amepiga marufuku mtu yeyote kusogeza ndoo.