Saa 1 ya Masoko si saa 1 ya Dar es Salaam

Mwezi Juni, jua huchomoza Masoko, wilayani Rungwe, karibu na saa 1 asubuhi. Dar es Salaam huwa limekwisha kuchomoza yapata nusu saa kabla. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima. Alfajiri si moja.

Tutafakari basi hali ya kijana wetu wa sekondari anayetakiwa kufika shuleni saa 1 kamili, naye hutembea mwendo wa saa nzima. Alfajiri huingia takriban saa 11:40. Akishaswali, hana budi kutoka mbio gizani, katika baridi na ukungu, hata chai hajanywa. Akitoka mapema zaidi, Swala humkuta njiani.

Wataalamu wanatueleza kuwa kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na kwamba akishabalehe usingizi humjia kwa kuchelewa. Si kila anayesinzia darasani ni mvivu. Kwa jirani zetu Kenya, kanuni za elimu za mwaka 2015 zimeweka masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2.

Sisi wazazi tuna wajibu wetu: baada ya Isha, simu na televisheni zizimwe. Lakini nusu saa ile ya asubuhi haimo mikononi mwetu. Tunaziomba bodi za shule ziijadili, walau kwa Juni na Julai.