Nyimbo za Kisukuma katika Maktaba ya Umma: Suala la Hadhira, Toni na Kumbukumbu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mfululizo wa maonyesho ya muziki mbele ya hadhira unavyoweza kuendeshwa katika maktaba ya umma, kwa kuzingatia mazingira ya mji wa Katoro, mkoani Geita. Hoja yetu ni kwamba maktaba inayoalika ngoma haiandai burudani ya kuwavutia wasomaji tu, bali pia inaunda matini, na namna inavyoiunda ndiyo itakayoamua kama wimbo utabaki kuwa wimbo au utageuka orodha ya maneno yasiyoeleweka.

Neno lenyewe maktaba linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Sheria zetu nazo zimefuata mkondo huo. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa jijini Dar es Salaam mwezi Desemba 1967, na Sheria Na. 6 ya 1975 ikawataka wachapishaji wawasilishe nakala za machapisho yao. Wimbo wa bugobogobo hauna mchapishaji, kwa hiyo haumfikii mkutubi kwa njia hiyo. Sharti yeye aufuate, au auite.

Kuuita si jambo geni duniani. Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington, ilipata ukumbi wake wa muziki 1925 kwa ufadhili wa Elizabeth Sprague Coolidge, na mwaka 1928 ikaanzisha hazina ya nyimbo za jadi. Kazi hizo mbili, kuimba na kuhifadhi, zikawa chini ya paa moja. Hata hivyo, ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya hadhira inayokaa kimya mpaka mwisho, na hadhira ya Usukumani haina desturi hiyo.

2.0 Hadhira kama mwamuzi

Mfano ulio karibu nasi zaidi si wa maktaba bali wa makumbusho. Huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki mwa mji wa Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vifaa vya kitemi na vya ngoma. Makumbusho ya Wasukuma yaliyotokana na kazi hiyo yamekuwa pia uwanja wa Bulabo, sherehe ya mashindano ya ngoma inayofanyika katika majira ya sikukuu ya Ekaristi, aghalabu mwezi Juni, wakati mavuno yamekwisha na watu wana nafasi. Hapo taasisi ya kumbukumbu na ngoma hai zimeishi pamoja kwa miongo mingi.

Mashindano yenyewe hufuata mgawanyiko wa vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvihusisha na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili hupiga ngoma kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Hakuna meza ya waamuzi wala alama zinazoandikwa. Watu huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kundi lililovuta umati mkubwa zaidi ndilo mshindi. Ndiyo maana ningi, yaani manju mtunzi na kiongozi wa kundi, huweza kubadili ubeti papo hapo anapoona watu wanaanza kumkimbia. Humtaja mpinzani kwa jina, huingiza tukio la juma lililopita, au humleta mcheza nyoka mbele.

Maana ya jambo hili kwa mkutubi ni kubwa. Akiwapanga watu kwenye viti na kuwapa makundi mawili zamu ya nusu saa kila moja, atakuwa ameiondoa sarufi ya tukio zima. Nyimbo zitaimbwa, tena labda vizuri, lakini zitakuwa zimepoteza yule zinayesemezana naye. Kwa maoni yetu, bugobogobo, ambayo asili yake ni kazi ya pamoja ya jembe shambani, ifanyiwe uani mwa maktaba, pande mbili, na lango liachwe wazi. Ndani ya chumba paletwe wigashe. Jina hili linatokana na kitenzi kwigasha, yaani kukaa, na waimbaji wake huimba wakiwa wameketi. Huu ni utanzu uliokwisha kuzoea kikao kabla mtu yeyote hajafikiria kuupeleka maktabani.

3.0 Katoro kama mahali pa lugha

Eneo la Geita kwa asili ni la Uzinza. Kizinza ni lugha ya kundi la maziwa makuu (E23 kwa uainishaji wa Guthrie), ilhali Kisukuma (F21) na Kisumbwa (F23) ni za tawi jingine. Wasukuma waliingia kwa wingi katika karne ya 20, hasa chini ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma wa 1947–1956 ambao ulihimiza watu na mifugo kuhamia Geita. Dhahabu ikaongeza wengine: mgodi wa kikoloni uliofungwa 1966, wachimbaji wadogo waliofuata, kisha mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji 2000. Katoro, mji wa soko ulioungana na Buseresere, umekua juu ya mikondo hiyo yote. Hadhira yake basi si ya lugha moja, na Kiswahili ndicho kinachoiunganisha.

Hapa pana kishawishi cha kumwomba ningi aimbe kwa Kiswahili ili wote waelewe. Kishawishi hicho kikataliwe. Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya kutumiwa na kuhifadhiwa, ingawa utekelezaji wake umekuwa hafifu. Kiswahili kipewe kazi nyingine: baada ya wimbo, ningi aulizwe mbele ya watu nini alichosema na kwa nani, na majibu yanaswe pamoja na wimbo.

4.0 Toni, irabu na karatasi

Mahojiano hayo ni ya lazima kwa sababu za kiisimu. Kisukuma kina irabu saba, na mwandishi anayetumia tano za Kiswahili hufuta tofauti za maana bila kujua. Toni ni tatizo gumu zaidi. Richardson (1959) alikwisha kuonyesha kuwa toni ya juu haisikiki lazima pale inapoanzia. Huhamia kulia, hata silabi mbili mbele. Batibo (1985) ametupa uchambuzi mpana wa fonolojia na mofolojia ya lugha hiyo. Sasa katika wimbo, mwendo wa sauti mara nyingine hufuata toni ya neno na mara nyingine huikanyaga. Msikilizaji mzawa huziba pengo kwa muktadha. Mwanafunzi atakayeisikiliza kanda miaka thelathini baadaye hatakuwa na muktadha huo. Kwa hiyo maneno ya wimbo yatamkwe tena kwa usemi wa kawaida, polepole, siku hiyohiyo, na ningi mwenyewe. Kinasa sauti cha bei ndogo kinatosha. Kinachokosekana kwa kawaida ni ile nusu saa ya ziada.

5.0 Haki ya ningi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Vilevile inawatambua watumbuizaji na sanaa za jadi. Ningi ni mtunzi mwenye jina. Kadi ya katalogi inayosema “wimbo wa Kisukuma, mtunzi hajulikani” ilhali mtunzi alikuwa amesimama uani inamnyima haki hiyo. Kadi iandike jina lake, chama chake, mahali, tarehe, lugha na lahaja.

Yako pia mambo ambayo kadi haipaswi kuyafungua mapema. Nyimbo za mashindano hutukana, na wanaotukanwa ni majirani walio hai. Uwanjani tusi hupata jibu alasiri hiyohiyo kutoka upande wa pili. Kwenye rafu hubaki peke yake. Kanda za namna hiyo zihifadhiwe pamoja na jibu lake, chini ya namba moja, na ningi wote wawili waulizwe ni lini zianze kusikilizwa.