Je, Wajua? Betri ya Gari Moja, Taa za Miji Sita

Je, wajua kuwa dereva wa Nissan Leaf ya toleo la kwanza akikanyaga pedali hadi chini, mota yake huvuta wati 80,000? Nyumba ya kwetu Busawe, mkoani Mara, yenye taa sita, redio, televisheni ndogo na simu tano kwenye chaji huvuta wati 100 hivi. Kwa hiyo betri iliyoshindwa kulisukuma gari mlimani bado ina nguvu nyingi sana kwa mtu anayetaka kuona anachokula usiku.

Je, wajua betri ya gari la umeme hustaafishwa ikiwa bado ina asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake wa mwanzo? Leaf ilipoingia sokoni Desemba 2010 ilikuwa na betri ya uniti 24, uniti zilezile unazonunua kwa LUKU. Toa asilimia 30. Bado unabaki na karibu uniti 17, ambazo kwa mji wa kijijini, yaani kaya moja, ni mwezi mzima na zaidi wa taa, redio na televisheni. Na hiyo ni betri ambayo mwenye gari anaiita mbovu.

Je, wajua Serikali imetangaza kuwa umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara? Ni kazi kubwa, na anayekumbuka giza la miaka ya tisini ataiheshimu. Lakini aliyewahi kutembea kutoka kitongoji hadi kitongoji huku kwetu, ambako Serengeti na Tarime zinapakana, anajua kwamba nguzo hufika kijijini kwanza, kisha shuleni, kwenye zahanati na kwenye maduka ya senta. Mji ulio ng'ambo ya korongo, na kibanda cha shambani ambako baba na vijana wake wanalala mahindi yanapokomaa, hukaa wakisubiri. Makala hii ni yao.

Je, wajua kwamba sisi watu wa Mara tumekuwa tukitumia betri za magari nyumbani tangu zamani, kabla paneli ya sola haijawa kitu cha kuuzwa gulioni? Betri ilikuwa ya lori au ya basi, ile nzito ya risasi na asidi. Ilifungwa kwa mpira kwenye karia ya baiskeli, gunia likiwekwa chini yake ili asidi isichuruzike kwenye tairi, ikapelekwa senta kuchajiwa kwa jenereta. Ilikaa huko kutwa. Jioni ilirudi, na mji mzima ukakusanyika kusikiliza taarifa ya habari. Vichwa vyake viliota unga mweupe uliochanganyika na kijani, tukaukwangua kwa kisu na kuupangusa kwa maji ya moto. Ikianza kuchoka, fundi aliongeza maji ya betri. Ikichoka kabisa, ilitupwa nyuma ya nyumba, pale pale kuku wanapoparua. Kilichotuponza ni kwamba betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe tena. Ukiikamua usiku kucha hadi mwisho, inakufa kabla hujamaliza kulipa deni lake.

Je, wajua kijana mmoja wa Kimasai aliigeuza betri kuukuu ya gari kuwa mlinzi wa ng'ombe? Richard Turere, aliyekulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aliunganisha betri hiyo na paneli ndogo ya sola, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu. Taa zikawa zinawaka na kuzima kuzunguka boma, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 alilieleza jukwaa la TED huko Marekani jinsi alivyofanya, akiwa bado mtoto wa shule. Mwanga unasaidia hata dhidi ya tembo: katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, tochi kali ni silaha ya kwanza ya mlinzi wa shamba, kabla ya honi na baruti ya pilipili. Tochi isiyo na chaji saa nane usiku, tembo wakiwa ndani ya mahindi, ni msiba wa mwaka mzima.

Je, wajua hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote duniani ilishapita njia hii? Yellowstone ya Marekani ilianzishwa mwaka 1872. Ndani yake kuna kituo cha Lamar Buffalo Ranch, mbali na gridi, ambako zamani jenereta ilinguruma huku nyati wa kule wakilisha. Mwaka 2015 kituo hicho kilianza kutumia paneli za sola na betri 208 zilizotolewa kwenye Toyota Camry za haibridi zilizochoka. Kwa pamoja ziliweza kuhifadhi uniti 85. Nasisitiza: ni Toyota, gari ambalo kila fundi wa Mugumu amelilalia chini. Kambi ngapi za watalii na vituo vingapi vya askari wa wanyamapori upande wetu wa Serengeti bado vinasafirisha dizeli kwa lori kupitia barabara za vumbi?

Na upande wetu nako magari yenyewe yameanza kuja. Jijini Nairobi, kampuni ya Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, imeshatoa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za watalii na kuweka mota za umeme. Kila gari la namna hiyo linalokimbiza nyumbu leo, iwe Maasai Mara au Serengeti, litavua betri yake siku moja. Swali ni nani atakuwa tayari kuipokea.

Je, wajua minara ya simu ya China hulishwa na betri za namna hii umeme unapokatika? Mwaka 2018 kampuni ya China Tower, iliyokuwa na minara inayokaribia milioni mbili, iliacha kununua betri za risasi na kuanza kutumia zilizostaafu kwenye magari. Mwaka huohuo uwanja wa mpira wa Johan Cruijff mjini Amsterdam ulifungiwa mtambo unaolingana na betri 148 za Leaf, mpya na zilizotumika zikichanganywa. Hatuzungumzii majaribio ya maabara.

Je, wajua sehemu ya betri hizi inaweza kuwa imetoka ardhini kwetu? Upande wake hasi umepakwa kinywe, madini meusi yanayopatikana Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Nikeli, inayotumika upande chanya wa betri nyingi za magari, iko kwa wingi Kabanga, wilayani Ngara. Lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine unapochaji na kurudi unapotumia. Kila safari, chembe chache hunasa kwenye utando unaojijenga juu ya kinywe, kama ukoko unavyojijenga chini ya sufuria ya ugali. Ukoko ukizidi, nafasi ya ugali inapungua. Huko ndiko kuchoka kwa betri, na ndiyo maana haifi kwa siku moja. Waliofungua njia ya teknolojia hii, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, na hakuna aliyewahi kuipokea Nobel akiwa mzee kumzidi.

Je, wajua adui mkubwa wa betri ya lithiamu katika nyumba zetu ni bati? Joto huharakisha ule ukoko. Chini ya paa la bati lisilo na dari, saa nane mchana, betri inaungua polepole bila moshi. Chumba chenye ukuta mnene wa udongo, betri ikiwa sakafuni mbali na jiko, ni makazi bora kuliko kabati la kisasa. Jambo la pili: haipendi kujazwa mpaka pomoni wala kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Iache ipande hadi asilimia 80 au 90, isishuke chini ya 20, nayo itakutumikia miaka mingi zaidi.

Je, wajua seli moja dhaifu huidhoofisha betri yote? Mkulima wa Mara hahitaji somo hapa. Ukimfunga maksai mgonjwa nira moja na mzima, plau litakwenda kwa mwendo wa mgonjwa, na yule mzima ataumia shingo. Seli nazo zikiungwa mfululizo, iliyochoka hujaa kwanza na kuisha kwanza, huku wenzake wakiendelea kuisukuma. Hapo ndipo joto na moto vinapoanzia. Kwa hiyo kazi ya fundi wa kweli ni kupima kabla ya kuunga. Anachaji kila moduli, anaiacha wiki nzima bila kuigusa, kisha anarudi na mita. Iliyoshuka volti kuliko wenzake ina kidonda ndani. Zilizobaki anazipa mzigo uleule, moja moja, akihesabu saa. Zenye nguvu sawa zinafungwa nira moja. Halafu anaweka kidhibiti cha betri, kisahani cha umeme kinacholinda kila seli isijae kupita kiasi wala kukauka. Fundi anayekuambia kidhibiti si lazima, mshukuru na uondoke.

Je, wajua kwa nini nyaya nene za gari la umeme na la haibridi zina rangi ya chungwa? Ni alama ya kifo. Betri nzima ya Leaf ina volti zipatazo 360, tena za umeme mnyoofu. Kufungua gamba lake ni kazi ya aliyefunzwa, mwenye glovu za mpira za umeme, asiye na pete wala saa mkononi. Ikishagawanywa kuwa moduli za volti saba na nusu hivi, kila moja haiwezi kukupiga shoti, ila spana ikiangukia vichwa viwili inaweza kuyeyuka mbele ya macho yako. Ikianza kuvimba au kutoa moshi, toa watu nje na ukae upande unakotoka upepo. Moshi ule una sumu.

Na chaji kontrola ya sola iliyokuwa ikichaji betri ya asidi isihamishiwe kwenye lithiamu hivihivi. Zile za zamani hupandisha volti mara kwa mara ili kuchemsha asidi. Kwa lithiamu, kufanya hivyo ni kuiua. Nunua yenye mpangilio wa lithiamu.

Je, wajua yaliyowapata watu wa Owino Uhuru, Mombasa? Kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilijengwa ukutani mwa mtaa wao, risasi ikaingia hewani, majini na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano ya miaka mingi; mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ninaandika haya kwa sababu betri ikikosa mahali pa kwenda, huenda kwa maskini. Lithiamu haina risasi, lakini nayo ikitupwa shimoni pamoja na takataka inaweza kuwaka, na yaliyomo ndani yake si ya kuingia kwenye kisima. Tanzania ina kanuni za taka za umeme na elektroniki, chini ya NEMC, baraza la mazingira. Umoja wa Ulaya nao umeamua kwamba kuanzia Februari 18, 2027 kila betri ya gari la umeme inayoingia soko lake iwe na pasipoti ya kidijitali, inayoonyesha imetengenezwa wapi, kwa madini gani na hali yake ikoje. Natamani pasipoti hiyo isomeke mpaka Sirari, ili anayenunua betri kuukuu ajue umri wake kama anavyotazama meno ya ng'ombe mnadani.

Je, wajua kwamba si lazima kusubiri magari ya umeme yajae? Toyota Prius na Aqua za haibridi ziko barabarani Tanzania. Betri ya Prius nyingi ina moduli 28 na, ikiwa mpya, uniti moja na kitu. Ni ndogo, na nyingi si za lithiamu bali za nikeli, kwa hiyo zina chaja yake na hazichanganywi na za lithiamu. Kwa kibanda cha shambani zinatosha.

Sasa hesabu, maana bila hesabu hii ni hadithi. Betri ya Leaf ya kwanza ina moduli 48. Moja ina uzito wa kilo 3.8 na ilizaliwa na nusu uniti. Ikichoka hadi asilimia 70, inabaki na wati-saa 350. Unga saba mfululizo: unapata mfumo wa volti 48 wenye wati-saa 2,450, na ukiziheshimu kwa kuziacha kati ya asilimia 90 na 20, 1,715 za kutumia. Uzito wake ni kilo 27, mzigo wa bodaboda bila tabu. Betri ya sola ya asidi ya 200Ah ina uzito wa kilo 60 hivi, na kwa kuwa haitakiwi kukamuliwa zaidi ya nusu, inakupa wati-saa 1,200 tu.

Ule mji wetu wa taa sita, redio saa sita, televisheni saa nne na simu tano hutumia wati-saa 420 kwa usiku. Moduli saba zinaubeba usiku nne hata kama masika yamefunga na jua halijatoka. Jua likitoka, paneli za jumla ya wati 200 zinarudisha matumizi ya siku kabla ya ng'ombe kurudi.

Arobaini na nane gawanya kwa saba: miji sita, na moduli sita za ziada. Hizo usiziuze. Zifunge kwa gunia kavu, ziandike tarehe, na zichajiwe nusu kila baada ya miezi michache. Ndizo utakazochagulia mbadala siku moduli moja ya mji wa tatu itakapoanza kuburuta nira.