Nani Anampa Mhusika Umri Wake?

Darasani, mwalimu wa fasihi akiuliza sifa za mhusika, umri hutajwa mwanzo na kuachwa hapo hapo: ni msichana, ni mzee, ni mtu wa makamo. Baada ya hapo mjadala unahamia kwenye tabia. Uchambuzi wa namna hiyo unaacha jambo kubwa nyuma, kwa sababu katika riwaya zetu umri mara nyingi ni amri. Jamii ndiyo inayoamua nani bado mtoto na nani keshakuwa mtu mzima, na mhusika anaanza kujitambua pale anapoitii amri hiyo au kuivunja.

Mchukue Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Ana miaka 15 anapoozwa kwa Bwana Raza, mwanamume aliyekwisha kuvuka miaka 50, katika Unguja ya enzi za Waingereza. Hamu zake zimebaki zile zile za msichana. Matarajio ya watu ndiyo yaliyogeuka: kuanzia siku ya ndoa anatakiwa awaze, atembee na anyamaze kama mke wa mtu mzima. Ustadi wa Shafi ni kutuonyesha Yasmin akishindwa kuenea katika nafasi hiyo, na katika kushindwa huko ndimo tunamfahamu yeye ni nani. Anapomwacha mumewe, jamaa zake wa Kihindi wanamkataa, maana kwao binti wa umri ule lazima awe chini ya wazazi au chini ya mume. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika anayeishi mtaa wa Ng'ambo. Rangi na tabaka zimo pia katika kisa hiki. Umri haufanyi kazi peke yake. Lakini kwa Mwajuma ndiko Yasmin anapoanza kujichagulia rafiki, mpenzi na hata upande wa siasa.

Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), amefungwa kwa namna ya kinyume. Yasmin alisukumwa ukubwani kabla ya wakati. Rosa anazuiwa asikue. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na ulevi wake haumpunguzii mamlaka hata kidogo, kwani ubaba unatosha. Rosa anakwenda kusoma mbali na nyumbani bila kuwahi kuachiwa kuamua lolote, na mwishowe anajiua. Wako wasomaji wanaosema binti huyu aliharibika mwenyewe. Siwakubali. Kila kosa lake lina mkono wa malezi yaliyomnyima nafasi ya kukomaa.

Amri ya umri haikuishia nyumbani, iliandikwa hata katika sheria. Mwaka huo huo wa 1971, Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18, na ikaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Waandishi wetu walikuwa tayari wamekwisha kuonyesha gharama ya amri kama hiyo ndani ya nafsi ya msichana.

Walimu wa fasihi, msiishie kuwauliza wanafunzi mhusika ana miaka mingapi. Waulizeni ni nani aliyemwamulia aishi kama mtu wa umri huo, na nani alinufaika.