Usiku wa Kanairo uko na gitaa ya kwetu

Kama we ni mtoto wa Kirolirwe na umetua Kanairo juzi, mbogi yako ya kwanza itakuambia twende Westi. Watakupeleka Woodvale Grove, ile barabara wasee wanaita Electric Avenue, na mangware ukicheki simu, M-Pesa imebaki na mbao. Siwalaumu. Westi inabamba. Madijei wa huko wanajua kutoka amapiano wakaingia arbantone na usijue saa ngapi ngoma imebadilika, na kuna mahali unadishi, unadunda na unakutana na watu wa kila aina kwa kompaundi moja. Lakini huu mji uko na mlango mwingine wa usiku, na sisi watu wa Kivu tunaupitanga kila wikendi bila kubisha. Ni mlango wa bendi.

Kwetu starehe ilikuwa mambo ya mchana. Wenye hawajafika, Kirolirwe iko Masisi, kwa ile barabara inatoka Sake inaenda Kitchanga. Vilima vya nyasi, ng'ombe, na ile jibini ya Masisi yenye inauzwa mpaka Goma. Siku ya soko unapata nganda, benchi ya mbao, Primus chupa kubwa, michopo kwa makaa, na kaspika kadogo kanatoa sebene. Jua likizama kila mtu anarudi kwake, ju hakuna mtu anataka kushikwa na giza kwa njia za Masisi. Mwenye alitaka usiku wenyewe alishuka Goma. Halafu Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, mabenki zikafunga, ndege zikaacha kutua. Juni ya huo mwaka Heineken, wakati huo wenye bia ya Primus kupitia Bralima, wakasema wametoa wafanyakazi wao Goma na Bukavu. Kwa hivyo sai ukisema usiku, wengi wetu tunamaanisha Nairobi, na wengi wetu tunalala Kayole, Umoja, Kasarani ama Githurai.

Sasa hii ndio stori nataka uibebe ukitoka kwa keja Ijumaa. Usiku wa Nairobi, ule wa gitaa, ulijengwa na wasee walipita njia kama yako. Super Mazembe walitoka Zaire, wakapiga miaka Zambia, wakakita kambi Nairobi 1974. Baba Gaston akafuata 1975, na mwaka uliofuata vijana wake wakamtoka wakaunda Les Mangelepa. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi kule karibu na mwisho wa mto Kongo, alivuka nchi yote, akapitia Uganda, akafika hapa 1977. Miaka minne baadaye aliunda bendi yake, na angeweza kuiita jina lolote. Aliita Orchestra Virunga. Hiyo ni ile safu ya volkano iko upande wetu wa jua kuchomoza, yenye usiku ikikasirika anga inakuwa nyekundu. Msee wa Matadi akaweka milima yetu kwa mabango ya klabu za Nairobi. Mi nilipojua hivyo nilisikia kifua kimejaa.

Haikuwa rahisi kwao. Miaka ya 1980 vibali vya kazi vilianza kuwa shida kwa wanamuziki wa Zaire, na bendi kadhaa zikasambaratika ama zikahama. Lakini ngoma zenyewe hazikuhama. Cheki Kasongo ya Mazembe, ya 1977, imeimbwa kwa Lingala, mke anamlilia bwanake arudi nyumbani. Mwaka wa 2024 maboi na mamanzi wamezaliwa kitambo baada ya bendi kuzima waliishika TikTok, ikawa hadi utani wa siasa. Ukiipiga kwa sherehe yoyote Kanairo leo, kuanzia Lango (Lang'ata) mpaka Eastlando, hakuna mtu anabaki kwa kiti. Na wengi hawajui maneno yanasema nini. We unajua.

Kabla nikuonyeshe pa kwenda, nikuonyeshe pa kusimama, ju hapa ndio watu wanapoteza. Ukiingia penye kuna bendi laivu, usikae nyuma na simu. Sogea mpaka uone mikono. Kuna gitaa ya ridhim, iko chini, inashikilia nyumba. Kuna solo, yule vidole vyake viko juu kabisa karibu na mwili wa gitaa, huyo kila mtu anamwangalia. Halafu kuna mi-solo, katikati ya hao wawili, anarudia kamstari kamoja kafupi tena na tena bila kuchoka, na mara nyingi hakuna mtu anamwangalia. Mwangalie yeye. Wimbo unaanzanga polepole, waimbaji wanapanga sauti tatu, wapenzi wanashikana. Baadaye dramu inabadilika, fimbo zinaanza kukimbia kwa ile mdundo inaitwa kavacha, wenye Zaiko Langa Langa waliusambaza miaka ya 70 na Nairobi ikaumeza mzima. Waimbaji wananyamaza. Hapo sebene imefunguka. Sikiza venye solo anacheza juu ya kale kamstari ka mi-solo. Ukikatoa, yeye anaanguka. Nusu saa hivyo, na unapata mathe wa miaka sitini anadunda kukushinda.

Nilisimama hapo mbele siku moja, local fulani ya Umoja, na bendi ilipopumzika mzee wa mi-solo akashuka akanisalimia kwa Kiswahili ya nyumbani.

"We mutoto, uko mutu ya wapi?"

"Masisi, papa. Kirolirwe."

"Kirolirwe! Kumbe uko wa kwetu." Akacheka, akaniambia aliwahi kupita huko kabla ya vita, akapewa maziwa kwa kibuyu. Akarudi kwa steji. Wimbo uliofuata hakuusema ni wa nani, lakini alikuwa akiangalia upande wangu.

Kwa hivyo unaenda wapi? Tao kumeisha kiasi. Garden Square, karibu na KICC, iliwahi kuwa nyumbani kwa hizi bendi, na Simmers pale Kenyatta Avenue ilikuwa na rumba laivu siku karibu zote, mpaka mjengo ukaangushwa. Nairobi inabomoa sana, na kila ikibomoa bendi inahama na wapenzi wake wanaitafuta kwa WhatsApp. Hiyo ndio njia ya kweli ya kujua: tafuta mtu mmoja anapenda rumba, mmoja tu, akuingize kwa grupu ya mabango. Wikendi moja bendi iko Ngara, ingine iko Donholm, ingine imeitwa Athi River.

Sehemu zenye hazihami ziko. Carnivore, Lango, iko tangu 1980, na Simba Saloon yake imepokea wakubwa wa Kongo na wa Kenya kwa steji moja. Ni ya mfuko mkubwa, enda kukiwa na shoo unaijua, na nauli ya kurudi uitenge kando ju ni mbali na mats zinapungua usiku.

Roysa, yaani Roysambu, ndio mi napenda kupeleka wageni. Klabu zimepangana kwa TRM Drive na kwa barabara inaitwa Lumumba Drive. Ndio, Lumumba. Mtoto wa Kongo anashuka nganya Thika Road saa mbili usiku, anatembea chini ya kibao kiko na jina la Patrice Lumumba, pande zote mbili spika zinapigana. Huko ni dijei zaidi kuliko bendi, lakini kuna siku za rumba, na dijei wa siku hiyo huwa anajua kazi yake: atakuanzia Franco, akupitishe Madilu, akuachie Fally Ipupa ukiwa tayari umevua jaketi. Uliza baunsa kabla ulipe kiingilio, "leo ni rumba ama ni nini?" Atakuambia ukweli.

Halafu kuna local za Eastlando, na moyo wangu uko huko. Viti vya plastiki, kachumbari kwa sahani ya bati, choma inakatwa kwa ubao mbele yako, weta anakuuliza "baridi ama moto?" Bia inakuwa bei ya chini sana ukilinganisha na Westi. Bendi inaweza kuwa watu watatu na kibodi ndogo inaigiza dramu. Wengi wao Jumamosi wako hapo, na Jumapili asubuhi wanapiga gitaa hiyo hiyo kanisani, ju makanisa ya Wakongo huku yako na bendi zinaweza kushindana na klabu yoyote. Kama hutumii keroro kabisa, usijinyime usiku. Agiza soda na supu, sogea karibu na gitaa, hakuna mtu atakusumbua.

Mambo ya saa. Kuna sheria ya 2010, wasee wanaiita ya Mututho: baa ya kawaida inafungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane wikendi, inafunga saa tano usiku. Klabu ndio inaweza kwenda mpaka saa tisa. Ndio maana saa tano unaonanga mbogi nzima inasimama kwa local na kuhamia kwingine. Na tangu mwisho wa 2022, gavana Sakaja alipoamuru klabu za ndani ya mitaa ya watu zifungwe, unaweza fika penye ulijua ukapata spika zimezimwa. Piga simu kwanza.

Tembea na karatasi zako. Kama we ni mkimbizi, beba kadi yenyewe, si picha ya kadi kwa simu, ju karao akikusimamisha saa nane usiku na lafudhi yako ni ya Goma, maswali yatakuwa mengi. Usitembee pekee yako kutoka klabu. Dem mmetoka naye, mnarudi naye mpaka mlango wa keja yake umefungwa. Nduthi ya mtu hujui, yenye hata haina namba, iache ipite.

Fika mapema. Bendi ikisemekana inaanza saa mbili, saa mbili watakuwa wanapima maiki, na hiyo ndio saa ya kuongea nao, kuuliza wametoka wapi, kuomba wimbo. Omba Mapangala, omba Mangelepa. Ukitaka kuwaona wakitabasamu omba kitu cha zamani chenye Nairobi imesahau. Na mbele ya steji utaona kapu ama kofia. Klabu nyingi zinalipa bendi nzima pesa kidogo kwa usiku, wanagawana watu saba, na kodi ya Kayole inaitishwa tarehe tano. Weka soo mbili hapo kabla sebene ya kwanza, na usisahau yule wa mi-solo.