Picha ya Ndugu ni ya Wote Waliomo

Ndugu wanapokutana nyumbani kwa wazazi wakati wa sikukuu, picha ya pamoja haikosi. Aghalabu hupigwa dakika za mwisho, wengine wakiwa na mikoba begani, na kabla ya msafiri wa kwanza kufika stendi imeshawekwa kwenye stetasi ya mtu. Suala la nani ameridhia huja baadaye, kama litakuja. Naona utaratibu huo unapaswa kupinduliwa. Picha ya ndugu ni mali ya wote waliomo, kwa hiyo namna itakavyopigwa na mahali itakapopelekwa ni mambo ya kuafikiana kabla kamera haijatolewa.

Makubaliano ya aina hiyo yamewahi kuzaa kazi kubwa ya sanaa. Mwaka 1975, huko New Canaan, Connecticut, mpiga picha wa Marekani Nicholas Nixon alimpiga picha mkewe Bebe pamoja na dada zake watatu. Bebe, mkubwa wao, alikuwa na miaka 25; Mimi, kitinda mimba, alikuwa na miaka 15. Mwaka uliofuata walirudia, ikawa desturi ya kila mwaka, na mpangilio haukubadilika: kuanzia kushoto Heather, Mimi, Bebe, kisha Laurie. Nixon alitumia kamera kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10, na kila mwaka picha moja tu iliingia katika mfululizo. Mwaka 2014, Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilionyesha picha 40. Nyuso zinazeeka, mikono inazidi kushikana. Bila ridhaa ya dada wote wanne, mwaka baada ya mwaka, mfululizo huo usingekuwepo.

Kwetu, jambo la kwanza kupangwa ni nani anaitwa. Katika familia ambayo baba ana watoto kwa mama zaidi ya mmoja, uamuzi huo una uzito zaidi kuliko rangi ya vitenge. Anayeachwa nje ya picha ataiona ukutani miaka yote. Yupo pia asiyependa kupigwa picha, kwa sababu ya imani, ugonjwa au hiari yake tu. Aulizwe faraghani, si mbele ya shangazi na wajomba watakaomshinikiza.

Halafu mwanga. Jua la saa sita mchana katika nchi zetu hushuka wima na kuyajaza macho kivuli. Subirini saa kumi na moja jioni, au simameni barazani, kivulini, nyuso zikielekea uwanja ulio wazi. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana rangi: mmoja maji ya kunde, mwingine mweusi wa kung'aa. Simu ikiona kanzu nyeupe au anga nyuma yao, hupunguza mwanga, na yule mweusi hubaki bila sura. Gusa uso wake kwenye kioo, ongeza mwanga taratibu, na uishie kabla mikunjo ya kanzu haijapotea. Usitumie kichujio cha kung'arisha ngozi. Kumbadilisha mtu rangi ni kumwambia kwamba alivyozaliwa hafai.

Kama kuna safu mbili, tundu la lenzi la f/2 huwafifisha walio nyuma, f/5.6 au f/8 huwashika wote. Kwenye simu, zima ile hali ya kufifisha mandhari, kwani hukosea kwenye kingo za nywele na masikio. Rudi nyuma hatua kadhaa badala ya kutumia lenzi pana, maana lenzi hiyo huwavuta na kuwapanua walio pembeni. Piga nyingi mfululizo, kwa kuwa kila mara kuna aliyefumba macho.

Katika kusambaza, sheria imeanza kusema. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Hata hivyo, sheria ya Kenya imeziacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani. Hapo familia inabaki na dhamana yake yenyewe, na mtoto aliyemo pichani hana wakili zaidi ya kaka na dada zake.

Kwa hiyo kagueni kabla ya kutuma. Beji ya shule kwenye sare, namba ya nyumba na namba ya gari humwelekeza mgeni hadi mlangoni. Faili halisi la simu linaweza kubeba hata vipimo vya mahali picha ilipopigwa. WhatsApp huviondoa picha ikitumwa kama picha, lakini huviacha ikitumwa kama hati. Kundi la familia nalo si sanduku lenye kufuli: anayepokea anaweza kupeleka mbele.

Chapeni nakala za karatasi, kila ndugu apate yake. Kuhusu mtandaoni, kila mmoja aulizwe, hata mdogo, mara tu anapoweza kujibu. Wote wakikubali, iwekwe. Mmoja akikataa, isiwekwe, na asidaiwe sababu.